Picha Iliyomngoja Mwanarusi

Kitendawili, wewe unayesikiliza. Sema "tega", usione haya. Haya basi: mgeni wangu ana kinywa lakini hana sikio, hula kila mwezi na hashibi, na nikiinuka kumwitikia Mola wangu, yeye huendelea kusimulia peke yake wala haniulizi nimefika wapi.

Umeshindwa? Nipe mji. Taveta? Ahsante, nimeupokea. Nimeingia Taveta, nimekaribishwa ndizi za Mboghoni zilizopikwa kwa nyama, nimekula mpaka nimelegeza leso, na maganda nimekuachia wewe. Mgeni mwenyewe ni runinga ya dishi. Na katika mtaa mzima wa Kaloleni, pale Voi, hakuna aliyesumbuliwa na mgeni huyo kama Mwanarusi, mamake Fuad.

Si kwamba Mwanarusi hakuipenda runinga yake. Aliipenda sana. Kila jioni saa moja na nusu ilikuja tamthilia ya Kituruki iliyotiwa maneno ya Kiswahili, habari za tajiri mwenye kiwanda cha mazulia na binti yake asiyesikia la mtu. Saa hiyo hiyo mlango ungegongwa, na Katuku angeingia.

Katuku, mamake Mbithe, ni jirani, Mkamba aliyeshuka Voi zamani kumfuata mumewe aliyekuwa wa reli. Mume alifariki, kisha kisukari kikaja kikamchukulia macho, moja baada ya jingine, kama mwizi anayerudia nyumba. Lakini vidole kilimwachia. Angekaa kiti cha karibu na dirisha, kiondo mapajani, asuke huku akisikiliza, na Mwanarusi ndiye aliyekuwa macho yake.

"Sasa huyo amenyamaza nini?" Katuku angeuliza.

"Anamtazama mumewe."

"Anamtazama aje? Vizuri ama vibaya?"

"Kama mtu aliyeonja chai akakuta imetiwa chumvi."

"Haya, hapo nimeona."

Shida ni kwamba picha haikungoja. Mwanarusi akieleza chumvi, wenzake kwenye runinga wameshavunja sahani. Akieleza sahani, mtu ameshapelekwa hospitali. Na katikati ya yote hayo, adhana ya isha. Mwanarusi hakuwa mtu wa kupunguza sauti tu kama wengine. Yeye aliizima runinga kabisa, akaipa mgongo, akamwitikia mwadhini neno kwa neno na dua yake mwisho. Katuku ni wa kanisa, lakini hata yeye alisimamisha vidole mpaka adhana iishe. Wakiwasha tena, tamthilia imeshakwenda zake, na pale pale palipokuwa patamu ndipo palipoliwa.

Ndivyo ilivyokuwa jioni ile binti wa mazulia alipoamua kuhama kwao. Mama mtu amesimama langoni analia. Binti ameshika begi, anavuka kizingiti. Mwadhini naye akaanza. Mwanarusi akazima. Walipowasha, wakakuta tangazo la sabuni.

"Aligeuka?" Katuku aliuliza.

"Nani?"

"Huyo msichana. Wakati anatoka. Aligeuka kumwangalia mamake?"

"Aka, Mama Mbithe, ningeona vipi nami nilikuwa naitikia adhana?"

Katuku alivuta uzi wa kiondo, akauvuta tena ingawa ulikuwa umeshakaza. "Basi kesho watasema."

Kesho yake dishi halikusema kitu. Muda wake ulikuwa umekwisha, na Fuad, mwanawe Mwanarusi mwenye duka la misumari na saruji karibu na soko, alikataa katakata kulilipia.

"Wamepandisha bei tena, mama. Tunalipia chaneli mia, tunatazama moja. Ni kama kuchinja ng'ombe mzima kwa uchu wa ulimi."

"Huo ulimi ndio niutakao."

"Intaneti ipo hapa ndani, tayari inalipiwa kwa kazi ya duka. Tutatazama kwa hiyo. Ni rahisi, na ukichoka nayo unaikata bila ugomvi."

"Intaneti ni ya simu, Fuad. Unataka mimi na Katuku tukodolee macho kitu cha kiganjani? Yeye hata hayo ya kukodolea hana."

Fuad akajikuna kisogo. Mkewe, Khairat, alikuwa mezani akikata kitambaa cha buibui, pini zimejaa mdomoni. Aliacha mkasi kidogo, akamtazama mama mkwe wake, kisha akaendelea kukata.

Siku ya Jumamosi Fuad akapanda paani akaliteremsha dishi, akaliegemeza nyuma ya jiko. Kuku wa Mwanarusi alilikagua, akaliona ni nyumba njema, akaanza kutagia humo. Mwanarusi alikasirika hata na yule kuku.

Lakini kilichomuuma hasa kilikuwa kiti cha dirishani. Katuku hakuja jioni hiyo, wala zilizofuata. Mwanarusi alipika mahamri, akayafunga kwenye kitambaa, akamfuata kwake.

"Umenisusa, Mama Mbithe?"

"Sijakususa. Nikuje kufanya nini? Kusikiza ukuta?"

"Si tutazungumza!"

"Tuzungumze nini? Wewe ya kwako nayajua yote, na ya kwangu umeyachoka." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akalipapasa hamri, akalimega. "Hiyo kitu ilikuwa inaniingiza kwa watu, Mama Fuad. Nikiwa kwako nilikuwa nafika kwa nyumba zao, naona mapazia. Hapa naona tu hii." Akaonyesha giza lake kwa mkono, kama mtu anayeonyesha chumba kichafu.

Mwanarusi aliingiwa na tamaa. Neno moja tu lingetosha. "Na nikikwambia yule binti aligeuka?"

"Utakuwa umeona na nini? Wewe ulikuwa na Mungu wako, mimi nilikuwa na giza langu." Katuku akatikisa kichwa. "Miaka yote hii hujawahi kunidanganya hata rangi ya gauni. Usianze na hiyo."

Mwanarusi akaona haya, akanywea.

Kisha Katuku akasema polepole, "Ile siku Mbithe anaenda Qatar, wewe ulikuwa hapa. Mimi nilishika hili lango. Nikapunga mkono, nikapunga..."

"Enhe?"

"Nilikuwa nataka kukuuliza kitu."

Hapo mfereji wa kando ya lango ukakohoa, ukatema hewa, ukaanza kumwaga. Na mtu wa Voi, hata akiwa kwenye talaka, maji yakija huinuka. Wanawake wawili wazee walikimbizana na madumu na ndoo, mmoja akishika kwa macho na mwingine kwa mkono, mpaka kila chombo cha nyumba kikajaa, sufuria ya ugali nayo. Walipomaliza walikuwa wamelowa, na swali lilikuwa limezama.

"Ulitaka kuniuliza nini?"

"Wacha tu. Nenda ubadilishe nguo."

Mwanarusi alirudi nyumbani mzito. Alimkuta Khairat kwenye cherehani, akamwambia yote, hata ile tamaa ya kudanganya. "Mwanangu, runinga naweza kuishi bila yake. Lakini yule mwanamke akizoea kukaa peke yake gizani, hatatoka tena. Nitakuwa nimempoteza, na nyumba zetu zimegusana ukuta."

Khairat akakata uzi kwa meno. "Mwambie aje kesho saa moja, mama. Mwambie asikose."

Huyo Khairat, nikwambie, alikuja kwenye nyumba ile akiwa msichana kimya, na Mwanarusi siku za mwanzo alidhani kimya chake ni uvivu. Kumbe ni chungu kilichofunikwa, kinaiva. Ushonaji wa mabuibui hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa simu, akitazama mafundi wa mbali wakikata vitambaa, akiwasimamisha mkasi hewani, akiwarudisha nyuma, akiwaendesha tena, mpaka mkono wake ukajua. Sasa maharusi wa Voi humjia yeye, na wa Mwatate nao huja.

Kesho yake Khairat alichomeka nyuma ya runinga kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Akaandika huku, akabonyeza kule, na Mwanarusi akaziona tamthilia zimejipanga kwenye kioo kama vitambaa dukani. Ya binti wa mazulia ilikuwamo, na si ya leo tu. Tangu siku ya kwanza binti yu mchanga, mpaka mwisho wake ambao dishi lilikuwa bado halijaufikia.

"Yote hii?" Mwanarusi akauliza. "Imo humu ndani?"

"Haimo humu, mama. Iko huko iliko, ukiitaka inakuja."

"Subhanallah. Na hailali?"

"Hailali."

Katuku aliingia akipapasa kizingiti kwa fimbo, bado haamini, akakaa kiti chake cha dirishani. Khairat akawatafutia jioni ile ile iliyoliwa. Muziki ukaanza. Katuku aliusikia, na vidole vikajitafutia kiondo vyenyewe. Mwanarusi akaanza kazi yake: mama yuko langoni, amevaa kijani, kitambaa kinamteleza kichwani wala hajali. Binti ameshika begi.

Na mwadhini akaanza.

"La!" Katuku akasema. "Tena?"

Lakini kwa Mwanarusi adhana ni adhana. Rimoti akamwachia Khairat, akaipa runinga mgongo, akaitikia, akasoma dua yake yote bila kuikatia hata herufi. Alipogeuka, alijitayarisha kwa sabuni.

Hapakuwa na sabuni. Binti wa mazulia alikuwa pale pale langoni, mguu mmoja hewani, begi mkononi, amekauka kama samaki wa kutundikwa.

"Ebo! Imekufa hii!" Mwanarusi akaiendea runinga akaipiga kofi la ubavuni, kama alivyokuwa akiipiga ya zamani.

Khairat alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Usiipige, mama! Haijafa. Nimeisimamisha. Inakungoja."

"Inamngoja nani?"

"Wewe."

Mwanarusi alibaki na kofi lake hewani, sawa na binti na mguu wake. Maishani mwake kungoja kulikuwa kazi ya Mwanarusi. Alingoja gari moshi limrudishie mume, akangoja maji ya mfereji, akangoja foleni ya hospitali na zamu ya kuitwa jina. Hakujua kitu chochote kilichowahi kumngoja yeye. Na leo Waturuki wazima, na kiwanda chao na mazulia yao, wamesimama kimya mpaka bibi wa Kaloleni amalize kuomba.

"Mama Mbithe," alisema taratibu, "wametungoja. Wako pale pale."

"Hata kama tunaongea?"

"Hata kama tunaongea."

"Hata nikikuuliza mambo mingi?"

Khairat akainuka, akamwekea Katuku rimoti kiganjani, akamwongoza kidole. "Hapa, Mama Mbithe. Shika hapa. Unahisi?"

Juu ya kitufe kimoja alikuwa amegandisha ushanga, mmoja tu, wa zile shanga anazotia kwenye mikono ya mabuibui. "Ukiugusa, wanasimama. Ukiugusa tena, wanakwenda. Ukitaka kuelezwa, wewe ndiye mwenye amri. Si wao."

Katuku aliuzungusha ule ushanga chini ya kidole chake, akauzungusha, mdomo umefunguka kidogo. "Huyu msichana umemtoa wapi, Mama Fuad?"

"Fuad ndiye aliyemleta. Ndilo jambo lake moja la maana."

"Naskia!" Fuad akapaza sauti kutoka uani.

Katuku akabonyeza. Mguu wa binti ukashuka. Mwanarusi akajongeza kiti karibu, asikose kitu. Binti alivuka kizingiti, akashika njia kati ya miti, mama akimwita kwa jina. Alitembea. Alitembea mpaka akawa mdogo, mpaka gari likafungua mlango, likafunga, likaondoka.

"Aligeuka?"

Lile neno la uongo lilikuwa jepesi, lilikaa ncha ya ulimi. Mwanarusi akalimeza.

"Hakugeuka, dada yangu. Hata mara moja."

Kidole cha Katuku kikautafuta ushanga. Runinga ikanyamaza. Khairat, ambaye hata chai hakuwa ameiteleka bado, akasema anaitazama chai, akaenda jikoni.

"Na Mbithe?" Katuku akauliza.

"Mbithe?"

"Siku hiyo. Nilipunga mkono mpaka bega ikauma, na sikujua nampungia nani. Yeye sijamuuliza. Mtoto akiulizwa hivyo atasema ndiyo, anifurahishe. Lakini wewe umeniambia huyu hakugeuka, na ungeweza kunidanganya. Kwa hivyo niambie. Na Mbithe?"

Mwanarusi alitazama runinga. Ilikuwa imetulia na vumbi la gari lake, haina haraka na mtu.

"Nilidhani alikwambia mwenyewe," alisema. "Aligeuka, Katuku. Aligeuka pale kwa fundi wa baiskeli, akaliweka begi chini. Na wewe ulikuwa unapunga, lakini ulikuwa umeelekea upande wa mfereji, si kule aliko yeye. Akatazama akaliona hilo. Basi akarudi, taratibu, hataki usikie nyayo zake. Akavuka barabara, akaja akasimama upande ule wa mfereji, sawasawa mbele ya mkono wako, ili uwe unampungia yeye. Na hapo alipokuwa amesimama akakupungia, akakupungia, machozi yakimtoka na huku anacheka, mpaka gari likachoka kupiga honi."