Pacha wa Basi na Pacha wa Cherehani

Mume wangu hajawahi kuniomba ushauri kuhusu mwanga. Kwa hiyo aliposimamisha cherehani katikati ya pindo na kuniuliza, "Hivi mwanga unawahi wapi na haraka yote hiyo?" nikajua siku hiyo hakuna suruali itakayokwisha.

Kosa lilikuwa la redio. Duka letu la ushonaji ni chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, meza ya kukatia, na redio juu ya kabati la nyuzi. Asubuhi ile walimkaribisha mtaalamu wa fizikia aliyeongea kwa kunong'ona, kama anayetoboa siri ya jirani. Akasema, chukua mapacha wawili. Mmoja abaki nyumbani, mwingine apande chombo kinachokimbia karibu na kasi ya mwanga, aende mbali, kisha arudi. Akirudi atamkuta mwenzake kazeeka kuliko yeye, kwa sababu saa ya anayekimbia hutembea polepole.

Hao wa redioni ni mapacha wa mfano. Wangu mimi ni wa kweli. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, ana pacha wake anayeitwa Dereva, na huyo ameendesha basi la safari ndefu tangu hajaota ndevu za maana. Dereva alitangulia kuzaliwa. Alitangulia kidogo tu, lakini utangulizi huo ameula maisha yake yote. Kiti cha mbele chake, neno la mwisho lake, paja la kuku lake.

"Unaona?" Fundi akaniambia, macho yanang'aa. "Yeye amekimbia miaka thelathini. Mimi nimekaa hapa. Saa yake ilikuwa inachechemea muda wote huo. Basi kwa sasa mkubwa ni mimi!"

Nilicheka, lakini nilijua kinachomwasha. Binti wa marehemu dada yao, tuliyemlea tangu yu wa kubebwa mgongoni, alikuwa amepata mchumba. Wageni wa upande wa pili walikuwa wanakuja, na katika familia ya mume wangu anayesimama kumsemea binti ni mjomba mkubwa. Aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ni Fundi. Aliyemshonea sare zote za shule ni Fundi. Lakini atakayesimama ni Dereva. Na mume wangu si mtu wa kusema "nataka". Akitaka chumvi mezani, huuliza kama wengine chakula kimewakolea. Ndiyo maana akaing'ang'ania fizikia.

Jumapili Dereva alikuja kula. Binti naye alikuwepo, kaja likizo kutoka chuo, na anachosoma huko ni fizikia hiyohiyo.

"Kaka," Fundi akaanza, "ukiwa barabarani unakwenda kasi gani?"

"Inategemea kama askari yupo."

Fundi hakucheka. Akamwaga habari yote: chombo, saa, pacha aliyebaki. Dereva akatafuna mpaka akamaliza, akafuta mikono.

"Mdogo wangu, mimi nikishika usukani nakaa tuli. Sisogei hata unywele. Mnaokimbia ni ninyi! Nguzo zinakimbia, miti inakimbia, na wewe na cherehani yako mnarudi nyuma kwa kasi ileile. Sasa saa inayochechemea ni ya nani?"

Fundi akamgeukia binti kama mtu anayemwita mwamuzi.

"Mjomba Dereva kauliza swali la maana," binti akasema. "Mkiwa mnaachana tu, kila mmoja ana haki ya kusema mwenzake ndiye anayekwenda. Ila yeye hufika mwisho, akageuza basi, akarudi. Wewe hujageuza chochote. Anayegeuza ndiye anayebaki kijana."

"Nilisema!" Fundi akapiga meza, vikombe vikaruka.

"Ngoja, Mjomba. Kwa mwendo wa basi, tofauti ya miaka yote hiyo haijafika hata kupepesa jicho. Ni kidogo, kidogo mno."

"Kidogo nacho ni kitu."

"Na kuna jingine. Saa iliyo juu hutembea haraka kuliko iliyo chini. Mvutano wa dunia kule umepungua kidogo. Njia ya Mjomba Dereva inapanda milima, na analala kulekule juu, sisi tuko bondeni. Ukijumlisha yote, mlima unaushinda mwendo. Aliyezeeka zaidi ni yeye."

Dereva akainua mikono yote miwili kama aliyefunga bao. Mume wangu akawa anatazama kijiko.

"Kukimbia kunapunguza," akasema taratibu, "kupanda kunaongeza. Na mimi nikisimama, kichwa kiko juu ya miguu."

"Ndiyo, Mjomba. Kichwa kinazeeka haraka kuliko miguu. Kwa kidogo sana."

"Kumbe ndiyo maana mvi huanzia juu," Dereva akadakia. "Shemeji, na zako?"

"Zangu zimeanzia kwenye ndoa," nikamjibu, nikaondoa sahani.

Fundi hakukubali yaishe. Katikati ya wiki akafunga safari kwa Shangazi, dada wa baba yao, ambaye ndiye aliyewapokea siku ya kuzaliwa. Alitaka kujua walipishana muda gani hasa, labda pengo ni dogo la kuzibika. Aliporudi aliketi kwenye cherehani bila kutunga uzi, akawa anakanyaga tu. Binti alikuwa anashona vifungo. Tukatazamana.

"Shangazi hajui," akasema.

"Hajui muda?"

"Hajui mkubwa ni nani."

Akatueleza. Aliyetangulia alifungwa uzi mweusi mkononi. Shangazi akawaogesha wote wawili katika beseni moja, na alipowatoa, uzi ulikuwa unaelea kwenye povu. Akawatazama: sura moja, kilio kimoja. Akaogopa kumwambia mama yao. Akamfunga aliyekuwa karibu na mkono wake, akanyamaza mpaka leo.

Wiki ile redio ilikuwa imeshahamia kwenye chembe ndogo zisizoonekana, ambazo, ati, haziko huku wala kule mpaka mtu azipime. Kwa hiyo mume wangu hakuuliza kama mtu wa kawaida. Aliuliza hivi: "Kabla Shangazi hajaufunga tena ule uzi, mimi nilikuwa mkubwa na mdogo kwa pamoja?"

"Hapana, Mjomba," binti akajibu. "Mkubwa alikuwepo, mdogo alikuwepo, ila aliyejua hakuwepo. Chembe siyo hivyo. Chembe yenyewe bado haina jibu."

"Umejuaje haina? Labda nayo uzi wake uliponyoka tu kwenye beseni. Jibu liko, ninyi ndio hamjui."

Binti akaweka sindano chini. "Watu walibishana hivyohivyo miaka mingi. Kisha wakafanya majaribio. Kama jibu lingekuwa limejificha ndani ya chembe kwa namna rahisi hivyo, vipimo vingetoka vingine. Havitoki."

"Inawezekanaje kitu kiwepo na kisijijue?"

"Sijui. Mitihani yake nafaulu, Mjomba, lakini ukiniuliza inawezekanaje, sijui."

Mimi nilikuwa nimepotea tangu kwenye povu. Lakini jambo moja nililielewa, na binti alipotoka nikalisema. "Sasa unalo jiwe mkononi. Mwambie kaka yako kwamba ukubwa wake ni wa beseni. Useme na wewe unataka kusimama."

"Nitamwambia Jumamosi," akasema. "Anakuja kujaribu koti."

Koti hilo alikuwa amelishona wiki nzima, la kijivu, la siku ya wageni. Na hapa lazima nieleze jinsi alivyomshonea kaka yake miaka yote. Hakuwahi kumpima. Dereva yuko njiani siku zote, basi Fundi anajipima mwenyewe, anakata, anatuma nguo kwa basi. "Sisi pacha," husema. "Futi ya nini?"

Jumamosi Dereva akavaa koti mbele ya kioo chetu, na koti likamkataa. Bega moja lilimezwa, jingine likasimama. Mgongoni lilivutwa kama ngoma, tumboni kifungo hakikufika nusu ya safari. Fundi akamvua, akalivaa yeye. Lilimkaa kama ngozi. Akalivua, akalishika, akawa anamtazama kaka yake, kisha kioo, kisha kaka yake tena. Ndipo akachukua futi.

"Bega hili limekuwaje?"

"Gia."

"Na mgongo?"

"Kiti."

"Na yale mashati yote niliyokutumia?"

"Yalinibana kwapani," Dereva akasema. "Sasa ningesemaje? Ulikuwa umeshashona."

Fundi aliendelea kupima. Sijawahi kumwona akipima mtu polepole vile. Nikakohoa, kumkumbusha jiwe lake. Akanisikia.

"Kaka, kuna jambo—"

"Subiri, mdogo wangu, langu kwanza, nisije nikalisahau." Dereva akajiweka sawa, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Nisikilize kama maneno yamekaa vizuri. 'Wageni wetu, binti huyu tumemlea...' Nayasema njia nzima. Abiria wa kiti cha mbele ameomba kuhamishwa." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Alipotembea mara ya kwanza nilikuwa njiani. Alipohitimu shule, njiani. Hili moja nimeomba likizo."

Mume wangu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa mojamoja, akazichomeka kwenye kimto cha pini.

"Kwenye 'tumemlea'," akasema, "paza sauti kidogo." Kisha akakaa akaanza kulifumua koti.

Wageni walikuja, nyumba ikajaa. Koti lilikaa vizuri, bega lililolegea likiwa limewekewa sufi ndani. Dereva akasimama, akasalimia, akafika kwenye neno lenyewe, na neno likampotea. Baba wa mchumba, mzee mwenye miwani mizito, akawa anamtazama aliyesimama, kisha aliyekaa, sura ileile mara mbili.

"Samahani," akasema, "mnanichanganya. Mjomba mkubwa hasa ni yupi?"

Binti akainamisha uso. Shangazi pale kwenye kona akashikwa na kikohozi mpaka akaletewa maji. Mimi nikamtazama mume wangu.

"Ni huyu," Fundi akasema. Hakugugumiza hata kidogo.

Mpaka leo sielewi kwa nini hakulirusha lile jiwe, na nikimuuliza ananiambia nimpishe, anatafuta mkasi. Ila siku ile Dereva alivuta pumzi akaanza upya. "Tumemlea," akasema, kwa sauti, na mume wangu kwenye kiti chake akawa anaitikia kwa kichwa, neno kwa neno.