Kuku Kumi na Mmoja wa Zawadi

Watu wanasema shamba la kuku la Nyangezi liliuawa na kideri, ule ugonjwa wa kuku. Waongo. Liliuawa na watu wazima wenye adabu zao, na mimi nilikuwepo.

Kabla ya mwaka wa sabini na nne lilikuwa la Mbelgiji mmoja. Simsafishi: alitutukana kila siku ya Mungu. Lakini kuku elfu mbili walilala katika nyumba sita za mbao, na asubuhi tulifungua vilango wakatawanyika majanini hadi kwenye mikaratusi. Kila mwezi tulihamisha uzio ili majani yapumzike. Aliyejua kazi hiyo hakuwa Mbelgiji. Alikuwa Cibalonza, mjane wa pale pale, aliyemtambua kuku mgonjwa kwa jinsi alivyoshusha bawa. Sheria yake ilikuwa moja: kuku wa kutoka nje akae kwanza wiki tatu katika kibanda ng'ambo ya kijito.

Serikali ikawanyang'anya wageni mashamba, ikawapa watu wake. Letu lilipewa citoyen, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana, Mugaruka wa Ibanda mjini, aliyekuwa Évariste mpaka majina ya ubatizo yalipokatazwa. Kuku alimjua kwenye sahani tu. Na tangu Mbelgiji aondoke, dawa ya chanjo haikufika tena.

Wazee wa vilima wakaja kumpongeza, kila mmoja na kuku wake. Kumi na mmoja. Kwetu kuku wa zawadi hakataliwi wala hawekwi kando. Anaachiliwa mbele ya aliyemleta, achanganyike na wa nyumbani, ndipo urafiki umepokelewa.

Cibalonza akabeba vikapu vya kuku hao kuelekea kijitoni.

"Maman, unapeleka wapi zawadi yangu?" Mugaruka akauliza.

"Kule chini, citoyen. Wiki tatu tu."

"Iliiba nini?"

Wazee wakacheka. Mmoja wao peke yake hakucheka, Papa Aloys, ambaye vilimani bado aliitwa kwa jina lake la ubatizo. "Kuku yangu ilikula mu nyumba yangu, pamoja na batoto," akasema. "Leo iko mu kasho, sawa mwizi."

"Hapana kwa ubaya, papa," Cibalonza akasema. "Angalia macho yake, iko na maji."

"Hata miye niko na maji mu macho. Utanifunga?"

Wakacheka tena, na safari hii Mugaruka aliona wanamcheka yeye, bwana mpya anayeongozwa na mwanamke. "Ile ni sheria ya muzungu," akasema. "Muzungu alienda."

"Ugonjwa haikuenda naye, citoyen."

Akanigeukia mimi, kwa kuwa nilisimama karibu. "Weye. Peleka zile kuku mu nyumba, ufungue."

Karatasi ya Mbelgiji kuhusu kideri ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ghala, na nilikuwa nimejifunza kusoma kwa karatasi hiyo, herufi kwa herufi. Nilijua kila kitu kilichoandikwa pale: macho yenye maji ni dalili, na kuku mgeni atengwe. Nikavichukua vikapu mikononi mwa Cibalonza, nikafungua. Wazee wakapiga makofi.

Siku ya sita kuku walianza kupinda shingo. Cibalonza aliomba tuchome nyumba mbili, tuokoe nne. Mugaruka akasema hachomi mali ambayo serikali imempa. Wiki mbili baadaye tulikuwa tukizika kuku kwa toroli, na majani yalikuwa kimya.

Ndipo akatuita uwanjani, wafanyakazi na wazee, atafute mchawi. Papa Aloys akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Yeye aliona ugonjwa mu macho ya kuku mbele ya kufika," akasema. "Nani anaona vile?"

Watu wakanung'unika kukubali. Kujua kwake kazi kukawa ushahidi.

"Mutu wa kufungua vikapu iko pale," Cibalonza akasema. "Anajua kusoma. Aseme ile karatasi ilisema nini."

Wote wakanigeukia. Neno moja lingetosha kumwokoa. Mugaruka naye alikuwa ananitazama, na nilihitaji kazi.

"Miye nilitumwa tu," nikasema. "Karatasi sijui."

Nchi nzima ilijibu hivyo miaka ile. Kila mtu alitumwa.

Wakampa mpaka mchana awe ameondoka. Alifunga sufuria zake katika kitenge, akawashika watoto wake wawili, akajitwika godoro, akashika barabara ya Bukavu. Godoro lilikuwa linamteleza kichwani kila hatua chache, na tulikuwa wanaume ishirini tumesimama pale tukimwangalia.