Jumapili Zisizo na Mvua

Mkuu wa ofisi ya hali ya hewa walimwita Bwana Mfumo, maana hata ukimuuliza funguo ya choo iko wapi, atakujibu, "Iko kwenye mfumo." Kitambi mbele, simu mbili mkononi, kichwani debe tupu.

Asubuhi hiyo alisimama mlangoni mwa stoo, kaziba pua.

"Dada, choma takataka hizi leo leo. Zinafuga panya tu."

Mfagizi alikaza mkono kwenye ufagio. Takataka zenyewe ni madaftari arobaini na moja ya marehemu baba yake, mpima mvua, ambaye hakuacha kukisoma kipimo hata siku aliyomzika mama yake mzazi.

"Bosi," alisema kwa sauti ndogo, "yote yameingia kwenye kompyuta?"

"Zamani! Nilisimamia mwenyewe. Wewe na kompyuta wapi na wapi?"

Mfagizi alibeba mafungu mawili ya kwanza. Kupita mlango wa ofisi, akamsikia mhandisi wa daraja jipya, mama mmoja mwenye buti za matope, akimsomea mkuu karatasi alizochapiwa kutoka kwenye kompyuta.

"Mkuu, miaka arobaini na moja, Jumapili haikunyesha hata tone?"

Bwana Mfumo hakupepesa macho. "Huku Jumapili ni kavu, mama. Hali ya hewa yetu ina tabia zake."

Mfagizi aliona haya kwa niaba yake. Mtu mzima, tai shingoni, anaisingizia mvua! Fomu za ofisi hazikuwa na mstari wa Jumapili, kwa hiyo baba aliandika mvua ya siku hiyo kurasa za nyuma za daftari. Wachapaji wa Bwana Mfumo hawakufunua huko. Penye pengo wakajaza sifuri, naye akasaini.

Mfagizi aliingia, akafungua daftari kwa nyuma, akaliweka mezani, kidole kwenye tarehe moja.

"Daraja la zamani lilisombwa Jumapili hii. Nami nimeambiwa niyachome madaftari yote leo."

Mhandisi alisoma: milimita mia moja arobaini na tatu. Akamtazama mkuu kama mtu anayetazama nzi kwenye chai.

"Haya hayachomwi. Kesho naleta watu wayapige picha ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma."

Alipoondoka, Bwana Mfumo alinyoosha mkono, jasho likimtoka. "Lete funguo ya stoo! Iko wapi?"

Mfagizi aliigusa mfukoni mwa aproni yake.

"Iko kwenye mfumo, bosi," akasema, akaokota ufagio wake.