Pikipiki Iliyokataa Kushuka

Mume wangu alipoanza kulalamika kwamba pikipiki imekuwa ngumu, sikumjibu vizuri. Fundi wa nyumba hii ni mimi. Mashindano yote ya matopeni ameyakimbia na pikipiki niliyoifunga kwa mikono yangu, na hajawahi kurudi na neno. Leo katoka hospitali, kazunguka ua wa nyuma mara moja tu, anashuka anahema: "Fundi, inanitupa. Umeitia nini?"

"Nimeitia chumvi," nikasema.

Lakini kweli shokapu za mbele zilikuwa zinavuja, oili imechuruzika mpaka kwenye breki. Nikatoa gurudumu, nikachomoa shokapu zote mbili, nikamwaga oili nyeusi kwenye beseni, nikang'oa sili za kuzuia oili zilizochakaa. Nikapitisha ukucha kwenye bomba kutafuta mkwaruzo. Ulipokwama nikapasugua kwa msasa laini mpaka pakateleza. Nikagongea sili mpya taratibu, nikapima oili, nikafunga. Sijisifu, ila kazi ilikuwa safi. Yeye alikaa juani na sweta, anatoa amri kama mwenye gereji.

"Kaza hiyo."

"Na wewe kaza mdomo."

Alicheka, na moyo wangu ukatulia kidogo. Nikajua anapona.

Akapanda tena, akajibonyeza juu ya kiti. "Bado ngumu."

Hasira zikanipanda. Nikabeba kopo la oili mguu mosi mguu pili hadi kwa muuza oili, nikamwambia ameniuzia oili ya malori. Mzee wa watu hakubishana. Alinidondoshea tone kidoleni, akasema, "Dada, ni ileile yako ya siku zote." Ilikuwa ileile. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Mganga hajigangi. Kuna jambo nililiruka, fundi mzima mimi. Ukimaliza kufunga shokapu, mwenye pikipiki anakaa juu, nawe unapima uzito wake umeshusha nyuma kiasi gani. Ikishuka vidole vinne, itatulia njiani. Mume wangu sikumpima kwa sababu namjua. Tangu tuoane, nati inayokaza springi yake ya nyuma sijaigusa.

"Hebu kaa," nikamwambia. Nikachuchumaa, nikaweka vidole. Ilishuka kimoja.

Springi haikuwa na kosa, wala oili. Aliyekwisha ni yeye. Mtu ninayemwogesha, ninayemfunga vifungo vya shati, ninayelala naye ubavu kwa ubavu, na macho yangu yaligoma kuona. Daktari alinieleza kwa upole kwamba hatapona, nikamwona mwongo na mchawi. Kidole changu mwenyewe sikuwa na la kukiambia.

"Vipi?" akauliza kutoka juu.

"Springi imekakamaa. Imekaa sana bila kazi."

"Si nilikwambia?"

"Ulisema kweli, baba."

Nikalegeza nati. Nikalegeza tena, nikapima, nikalegeza, mpaka pakawa hapana pa kulegeza. Bado vidole vinne havikufika. Nikajificha nyuma ya gurudumu, najifanya natafuta spana.

Alishuka taratibu, akanishika bega.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Kwa nini? Itakutupa."

"Mimi basi tena, mke wangu. Nilitaka tu uone mwenyewe, kwa maana kwa mdomo hukubali. Panda, nikupime."

Nilikataa. Nikamwambia asiniletee maneno ya uchuro, pikipiki hii ina mwenyewe. Akasubiri, ameshikilia usukani ili asianguke. Nikapanda.

Akachuchumaa pale nilipokuwa nimechuchumaa mimi, akaweka vidole vyake, akaanza kukaza nati kidogo kidogo. Anakaza, anapumzika, anakaza. Nikainama nimsaidie.

"Tulia hapo juu," akasema. "Ukitikisika sipati kipimo."

Nikalia hivyohivyo nimetulia, asije akapima vibaya.