Upako wa Roketi

Mwanangu Kimeu alipokuwa akicheza mpira wa kulipwa, nilivipaka viatu vyake mafuta ya upako kabla ya kila msimu. Miaka tisa hakuvunjika hata ukucha. Alipostaafu alirudi darasani, akasoma mpaka akawa profesa wa mambo ya ndege na roketi. Majirani hapa Kalamba wakaniuliza kwa utani, sasa profesa nitampaka wapi? Niliwaambia waache ujinga.

Basi asubuhi ya siku aliyowaleta wanafunzi wake kuonyesha kazi yao shuleni kwetu, wakinywa chai uani kwangu, niliingia stoo walikolaza injini ya roketi yao. Nilifungua nailoni waliyoifunga pale gesi inapoingilia, nikachovya kidole kwenye chupa yangu, nikapaka ndani, nikaomba, nikafunga tena. Sikumwambia Kimeu. Siku hizi akiiona chupa ile anacheka, na mimi sipendi kuchekwa nyumbani kwangu.

Saa nne uwanja wa shule ulikuwa umejaa, injini imefungwa katikati na bomba linatoka kwenye mtungi wa gesi kuingia ndani yake. Wengi walikuja kumwona mshambuliaji wao wa zamani, roketi hawakuwa na habari nayo. Kimeu akashika kipaza sauti.

"Watu wetu, leo hakuna kitu inaruka. Tunajaribu injini tu. Hii mtungi iko na oksijeni, na oksijeni haitaki mafuta kabisa. Tone moja tu ndani ya injini, inalipuka. Hawa wanafunzi nimewakataza hata losheni ya mikono!"

Watu wakacheka. Kidole changu kilikuwa bado kinanukia.

Ningesema palepale. Lakini Mchungaji Musembi alikuwa kando yangu, na kina mama wa kanisa nyuma yangu, nikaona aibu. Mungu anisamehe, niliona aibu. Kimeu akawapeleka wanafunzi nyuma ya magunia ya mchanga, akarudi peke yake kwenye mtungi.

Nikasimama. "Kimeu! Usifungue! Nimeipaka mafuta!"

"Amina!" mchungaji akaitikia. "Mama ameipaka mafuta!"

Kina mama wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza. Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kuimba. Nikavuka kamba ya kuzuia watu, nikakimbia na magoti haya yangu mabovu. Mashemasi wawili wakanifikia, wakanishika mikono kwa upole, jinsi wanavyomshika mtu aliyeshukiwa na Roho.

"Pole pole, mwaitu, mama yetu," mmoja akaniambia.

Kimeu akaniona. Akatabasamu, akanipungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye koki ya mtungi, akaizungusha.