Jasho Ndani ya Nailoni

Makatoni manne yaliteremshwa kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Bi Ashura, pale Mtunda, siku ambayo masika yalikuwa yamepumzika kidogo. Yassin aliyabeba mwenyewe, moja moja, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Dereva alipotaka kumsaidia alimkatalia.

"Vigae hivyo?" aliuliza Bi Ashura kutoka barazani.

"Gemu, shangazi."

"Gemu si iko kwenye simu?"

"Ndiyo hiyohiyo. Sasa nimeitia kwenye boksi."

"Makubwa! Na huko ndani inapumua?"

Yassin alicheka. Mdogo wake Kijakazi naye alicheka, ila yeye alicheka akiwa ameinamia ukili aliokuwa akiusuka, maana haya zilikuwa zinamtangulia hata mbele ya kaka yake wa tumbo moja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka mama yao alipofariki, na tangu hapo alikaa kwa shangazi yake akichana ukindu, akitia rangi, akisuka. Mgeni akipiga hodi mbele, yeye hutokea mlango wa uani.

Aliyesoma ni Yassin. Alikwenda Dar akajifunza kompyuta, akarudi Kibiti na kufungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Watu walimjua kwa kubadilisha vioo. Wachache walijua kwamba kwa miaka minne, kila wateja walipopungua, alikuwa akitengeneza gemu. Ndani yake kuna mwanamke anasukuma mtumbwi kwa mti mrefu wa pondo, Rufiji imefurika, naye anapenya mikoko kuwatafuta watu waliokwama juu ya madungu, vibanda vya miguu mirefu vya kulindia mashamba yao ya mpunga. Hakuna bunduki wala mbio za magari. Ukikosea mkondo, maji yanakutoa baharini, na wale watu hukuwafikia. Yassin aliiuza kwenye duka la mtandaoni. Walioinunua hawakuwa wengi, lakini wengine wao, watu wa nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi, walimwandikia kwamba walilia.

Mwezi wa tatu duka lile likatangaza kwamba mwisho wa Mei linafungwa. Gemu ambazo hazijawahi kuwa na diski zitaondoka nalo.

"Kompyuta yangu yenyewe inakohoa," Yassin alimwambia dada yake. "Ikifa hiyo, nami nikifa, itakuwa kama sikuifanya."

Ndipo akampata Miraji, mtu wa Dar ambaye kazi yake ni kuwauzia wakusanyaji wa nje.

"Wapo watu, Kija," Yassin alimweleza dada yake, "wanakusanya gemu kama wengine wanavyokusanya saa. Wanataka kitu cha kushika. Tunatengeneza nakala mia na ishirini tu, kila moja na namba yake, halafu basi, hazitengenezwi tena milele. Watu wale hawatupi kitu. Ikiingia kwenye kabati zao, imekaa."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Ikae mahali. Kijakazi alilielewa vizuri, kwa sababu mikeka ya mama yao yote ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa, na ususi wa mama haukubaki popote ila kwenye vidole vyake yeye.

Kazi yake ilikuwa kusuka mifuko ya ukili, mia na ishirini, kila boksi liingie kwenye mfuko wake. Ndani ya kila boksi kulikuwa na kadi, na kwenye kadi, chini ya jina la Yassin, lilichapishwa jina la Kijakazi. Kadi hizo alizishika kabla hazijapelekwa Dar kufungwa. Alilisoma jina lake mara nyingi kuliko alivyokubali kusema.

Miraji alikuja mara moja kuitazama ile mifuko. Alikaa barazani karibu saa nzima akieleza biashara yake ilivyo, wanunuzi wake wanapenda nini na wanachukia nini. Kijakazi alikuwa uani. Alisikia sauti, maneno hakuyasikia, na mgeni alipoondoka hakuuliza.

Maboksi yaliletwa kwake kwa sababu kibanda cha Kibiti kilikuwa kinavuja na kiliwahi kuvunjwa. Yassin aliyapanga makatoni chumbani mwa dada yake, juu ya sakafu ya udongo, akatandika gunia chini.

"Zitunze," alisema akiwa anavaa kofia ya pikipiki. "Zitunze kama unavyotunza ukindu wako. Sina la zaidi."

Kisha mvua ikarudi. Ilinyesha siku tisa. Njia ya Kibiti ikawa tope tupu, nguo hazikauki, chumvi kwenye kopo ikageuka maji. Siku ya kumi jua likatoka, na Kijakazi akafungua katoni la kwanza ili aanze kuingiza maboksi kwenye mifuko.

Chini ya katoni kulikuwa na unyevu. Akatoa boksi moja. Lilikuwa limebanwa na nailoni nyembamba, inang'aa, na juu ya nailoni pale inapokutana palibandikwa stika ya rangi ya fedha yenye namba na maandishi ya Kiingereza. Herufi alizijua zote. Maneno hakuyajua hata moja. Alilielekeza boksi kwenye mwanga wa dirisha. Nailoni ilikuwa imetoka jasho kwa ndani. Vitone vidogo, kama vile vya kwenye mfuniko wa sufuria ya wali, vilikuwa vimekaa juu ya picha ya mwanamke na mtumbwi wake.

Akatoa la pili, la tano, la kumi. Yote jasho.

Msusi hahitaji kufundishwa jambo hilo mara mbili. Ukindu ukifungwa na unyevu wake, hauna siku nyingi. Kwanza unanuka, halafu unaota vidoa vyeusi, halafu ukiuvuta unakatika mkononi. Dawa yake ni moja: fungua, tandaza, anika. Na usichelewe, kwa sababu jua la masika halina ahadi.

Hata hivyo alichukua simu ya shangazi yake akampigia Yassin. Simu ilipokelewa katikati ya kelele za wanaume wanaocheka.

"Eeh, Kija, sema."

Alisikia mtu nyuma akiuliza, "Shemeji huyo?" na wengine wakaangua kicheko.

"Kija? Kuna tatizo?"

"Hamna," alisema. "Nilikuwa nakusalimia."

"Salama, dada yangu. Nina watu hapa, nitakupigia."

Akakata. Kijakazi alibaki na simu sikioni kidogo, uso ukimwaka kama aliyekuwa amesimama mbele ya wanaume wale wote. Kisha akaenda kuchukua wembe wa kuchania ukindu.

Alisema bismillahi akakata nailoni ya kwanza taratibu, pembeni, asiguse karatasi. Alifungua boksi, akatoa diski akaifuta kwa ncha ya kanga safi, akatoa kadi, akavilaza vyote juu ya mkeka uani. Hakuviweka jua kali. Alivipanga ukingoni mwa kivuli, na kivuli kilipohama akavihamisha nacho. Vipande vya nailoni alivikunja na kuvihifadhi kwenye kapu, vikiwa bado na stika zake, isije ikawa vinatakiwa. Maboksi aliyapanga kwa namba zilizochapwa ubavuni, asiyachanganye. Ilipofika saa kumi mkeka wa kwanza ulikuwa umejaa, akatandika wa pili, na wa tatu.

Bi Ashura alitoka kuswali akasimama mlangoni. "Umeanika gemu?"

"Zilishaanza kuloa, shangazi."

"Haya. Afadhali umeona mapema."

Siku ile na iliyofuata alifungua mia na kumi na nane. Mawili ya mwisho yalibaki kwenye katoni la nne, kwa sababu wingu lilitanda na alitaka kuviwahi vilivyokuwa nje. Alijiambia atayamalizia jua likitoka. Alikuwa amechoka, lakini mwili ulikuwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza alitamani mgeni aje, aone.

Mgeni alikuja Jumamosi, jua limerudi na Kijakazi ndiyo kwanza amevitandaza tena, safari hii mbele ya nyumba. Gari la Miraji liliacha lami na kuingia tope mpaka mlangoni, Yassin akiwa mbele, wote wawili wamechangamka. Kijakazi hakukimbilia uani. Alisimama kando ya mikeka yake mitatu, kanga ameivuta mpaka kidevuni, akangoja.

Yassin aliona kwanza. Alichuchumaa, akaokota boksi namba saba, akaligeuza, akaligeuza tena, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Nailoni iko wapi?" aliuliza Miraji.

"Ipo kwenye kapu," Kijakazi alijibu chini chini. "Sikuitupa."

"Ni nani kazifungua?"

"Mimi. Zilitoka jasho ndani. Zingeoza."

Miraji alishika kiuno akaitazama mikeka mwanzo mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Binti," alisema, "wateja wangu hawafungui."

"Hawafungui nini?"

"Boksi. Hawalifungui kamwe."

"Sasa wanachezaje?"

"Hawachezi."

Kijakazi alimtazama kaka yake apate kujua kama huyu mtu anatania. Yassin alikuwa amejiinamia.

"Wananunua nini, basi?" aliuliza Bi Ashura kutoka barazani, sauti imepanda. "Mtu ananunua kitu asikitazame? Ni maiti hiyo?"

"Mama, wananunua kule kutofunguliwa. Ndiyo thamani yake. Si nilisema siku ile hapahapa?"

"Ulisema mambo mengi. Mimi nilikuwa nachambua mchele."

"Si kuna ile mashine ya Dar," Yassin alisema, sauti imekauka. "Tuzirudishe, zifungwe upya. Nailoni ni nailoni."

"Stika ni moja, Yassin. Kila namba imepigwa picha, wenyewe wanazo. Ikibandikwa mara ya pili wanaijua kwa kuitazama tu, wana miwani ya kazi hiyo. Wakisema Miraji anafunga upya, nimekwisha. Na jina lako limekwisha pamoja na langu."

"Basi wapewe wanaotaka kucheza."

"Wanaotaka kucheza walishainunua mtandaoni. Ulisema mwenyewe hawakuwa wengi."

Kuku mmoja alipita katikati ya mikeka, Kijakazi akamfukuza kwa mkono bila kujua kwamba amefanya hivyo.

"Yamebaki mawili," alisema. "Hayo sikuyafungua."

Alikwenda kuyaleta. Yalikuwa mabaya kuliko alivyoyaacha. Namba mia na kumi na tisa ilikuwa na doa jeusi pembeni, la ukubwa wa kucha, na kwenye mia na ishirini koga nyeupe ilikuwa imetambaa mpaka ncha ya pondo. Alimkabidhi Miraji akiona aibu, kama mwenye nyumba anayemletea mgeni chakula kilicholala.

Miraji aliyainua kwenye mwanga. Akapitisha kidole juu ya stika. Uso wake ukakunjuka.

"Haya nayachukua," alisema.

"Hayo yameharibika," alisema Kijakazi.

"Lakini yamefungwa."

"Yale kule mazima. Tazama, hayana hata doa. Nimeyafuta moja moja."

"Nimeona, binti. Umefanya kazi nzuri sana." Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio uliomchoma. Akayaingiza maboksi mawili kwenye mifuko miwili ya ukili, akayafunga kwa kitambaa, akaelekea kwenye gari.

Hapo Kijakazi akafanya jambo ambalo shangazi yake hakuwahi kumwona akilifanya. Alimfuata mwanamume mgeni mpaka mlango wa gari akakishika kioo.

"Waambie wayafungue," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Siku moja tu. Wafungue, wayaanike, kisha wafanye wanavyotaka. Koga ikishaingia hailali. Itakula picha, itakula kadi, itafika kwenye diski. Waambie!"

"Nikiwaambia hivyo hawatayachukua."

"Yataozea humohumo!"

"Yataoza yakiwa yamefungwa," alisema Miraji, na akautoa mkono wa Kijakazi kwenye kioo polepole.

Yassin alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Aliangalia simu yake, si kwa sababu kuna aliyempigia. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Mei; duka la mtandaoni lilibakiwa na siku mbili. Alinyanyuka akaja kusimama kando ya dada yake, na wote wawili wakaitazama ile mifuko juu ya kiti cha nyuma.

"Kija," aliuliza, "zitakaa muda gani?"

Angeweza kumdanganya. Mtu mwingine angesema labda, angesema Mungu mkubwa. Lakini hilo lilikuwa swali la ukindu, na katika maswali ya ukindu Kijakazi hakuwahi kumdanganya mtu.

"Kwa unyevu ule? Hazifiki vuli."

Yassin aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Hakumlaumu. Aliingia kwenye gari, maana alihitaji kufika Kibiti kufungua kibanda. Kulikuwa na mtu anasubiri kioo. Gari likazunguka kwenye tope na kurudi lilikotoka.

Bi Ashura aliuliza yale yaliyobaki yawekwe wapi. Wingu lilikuwa linasogea kutoka upande wa mto, Kijakazi akapiga magoti kwenye mkeka wa kwanza akaanza kuyaanua, akianzia namba moja, kila diski kwenye boksi lake, kila kadi juu ya diski yake. Yalikuwa makavu kabisa.