Pedali Ilirudi Mara Kumi

Gari la baba limenizidi umri, na kwa miaka miwili lilikuwa limelala chini ya turubai uani kwake, kwa amri yangu na ya dada. Siku ya ajali baba alikuwa anarudi sokoni. Mama akamfungulia lango, na badala ya kupunguza mwendo gari likamvaa. Nyonga ya mama ikavunjika. Baba akawa anarudia maneno yaleyale: "Pedali ya mafuta ilikwama. Niliinua mguu, gari halikusikia."

Mimi ndiye fundi wa familia, kwa hiyo niliitwa kutoa hukumu. Kesho yake, mbele ya dada, shemeji na majirani wawili waliojialika, nilifungua boneti, nikakanyaga pedali mara kumi, na mara kumi ikarudi vizuri. Nikajifuta mikono kama daktari.

"Gari hili ni zima," nikasema. "Mzee amechanganya breki na mafuta."

Nilijiona mtu wa maana kweli. Dada akamhamishia mama kwake, mimi nikatia funguo mfukoni, na baba akabaki na nyumba yake.

Wiki iliyopita dada alipata mnunuzi. Nikalitia gari betri na petroli mpya, nikalitoa barabarani kulichangamsha, nisije nikaaibika mbele ya mgeni. Baada ya nusu saa, injini ikiwa imepata moto sawasawa, nilikaribia kona, nikainua mguu. Gari likaendelea kunguruma na kukimbia vilevile. Nilizima swichi, nikabana breki kwa nguvu zangu zote, likasimama magurudumu mawili yakiwa mtaroni.

Nikafungua boneti kabla injini haijapoa. Ule ufito unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta ulikuwa umenasa kwenye kichwa cha skrubu, skrubu ya kibano kinachobana mpira wa maji ya rejeta. Mpira ukiwa baridi, kati ya skrubu na ufito kidole kinapita. Ukipata moto unavimba, skrubu inasogea, inaushika ufito na kuuzuia kurudi. Na mimi, fundi mzima, nilipima gari bila hata kuliwasha. Mwanagenzi wa mwezi mmoja angenicheka.

Kibano kile nilikifunga mimi mwenyewe, wiki moja kabla ya ajali. Mafundi wengine hugeuzia kichwa cha skrubu chini, pasipo na kitu. Mimi hukigeuzia upande niliosimama, bisibisi iingie bila kuinama. Gerejini wananitania kwamba mgongo wangu ni wa mkurugenzi. Uvivu wangu naujua hata nikifumba macho.

Niliunasua ufito, nikalitoa gari mtaroni, nikaliendesha polepole moja kwa moja hadi uani kwa baba, na njiani nikakivunja kiburi. Nilimkuta jikoni anaosha kikombe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba alisema kweli, kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Alinisikiliza huku akifuta kikombe, akiniangalia kwa huruma.

"Najua unanipenda, mwanangu," akasema. "Lakini usinitungie hadithi."

"Baba, njoo nikuonyeshe. Injini bado ya moto."

"Nilikanyaga mafuta nikidhani ni breki. Mguu wenyewe naukumbuka ulivyoshuka."

"Hukukanyaga. Siku ile mwenyewe ulisema uliinua mguu."

"Siku ile nilikuwa najitetea. Wewe ndiye fundi, ulipima, watu wakaona." Akakiweka kikombe kabatini. "Miaka miwili nimeliwaza jambo hili. Nilikanyaga."

Nilimshika mkono nimvute hadi uani. Akautoa taratibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningeshukuru angenizaba kofi.

"Liuzeni tu," akasema. "Na ukipita kwa mama yako, mwambie bado namwomba radhi."